Kila Mtu na Mwiko Wake

Iko nchi, msiulize wapi, maana mkiijua mtanyamaza na hadithi itaharibika, ambayo Mungu aliinyima mafuta, akaisahau kwenye dhahabu, lakini akaipa kale. Kale ilikuwa tele. Ukichimba choo unapata kale, ukichimba shimo la nguzo unapata kale. Serikali ikaunda Wizara ya Mambo ya Kale na Mambo Yajayo. Mambo ya sasa hayakuwa na wizara. Mwenye shida ya sasa alishauriwa asubiri mpaka iwe ya kale.

Waliokuwa na ruhusa ya kuichimba hiyo kale ni Idara ya Akiolojia ya Chuo Kikuu cha Kilimani, na idara yenyewe ilikuwa ya akina Magesa. Mkuu wake Profesa Magesa, msaidizi wake Magesa, na asiyeitwa Magesa alikuwa ameoa kwa Magesa. Mlinzi wa geti hakuwa huyu wala yule, lakini alikuwa anachumbia. Wote walikuwa wanaume, wote watu wa Kilimani, wote na afya zao. Na kila walipochimba walikuta watu wa kale wanaume, wa Kilimani, wenye afya njema, isipokuwa tu kwamba walikuwa wamekufa.

Siku moja wakaja wageni wa heshima kutoka ng'ambo. Wakatembezwa kila shimo, wakanyweshwa chai, na mmoja wao akauliza kwa upole wa mtu aliyekuja na majani ya chai mwenyewe, "Mbona nyote mnafanana?"

Swali hilo halikumletea Waziri usingizi. Wiki haijaisha, akatangaza redioni kwamba akiolojia ya nchi ile sasa ni jumuishi. "Shimo ni letu sote!" alinguruma. "Mwanamke ataingia shimoni. Asiyeona ataingia shimoni. Hata mtu wa Bondeni tutamwingiza shimoni. Hatutaki mtu abaki juu!"

Wananchi waliofungulia redio katikati ya hotuba walifunga milango.

Binti mmoja, jina lake Sikudhani, hakufunga mlango. Alikuwa amekaa barazani anamsuka bibi yake, Bibi Nyange, na mikono yake ikasimama katikati ya twende kilioni.

"Umesikia, Bibi? Hata mtu wa Bondeni."

"Nimesikia. Maliza kwanza upande wa kushoto."

* * *

Inafaa ieleweke hawa watu wa Bondeni walikuwa na tatizo gani. Tatizo lao ni kwamba hawakutoka Bondeni. Bibi Nyange alikuwa msichana mdogo siku malori ya serikali yalipowahamisha kutoka bonde lao na kuwashusha pembeni mwa mji, mahali palipopewa jina la Kwa Muda. Wakaambiwa wasubiri pale kwa muda. Walizaa pale, wakajukuu pale, na Kwa Muda sasa ilikuwa na shule mbili na timu ya mpira.

Huku nyuma, Profesa Magesa akaandika kitabu kiitwacho *Bonde Tupu*, kilichothibitisha kwamba tangu dunia iumbwe hakuna binadamu aliyewahi kuishi Bondeni. Uthibitisho wenyewe ulikuwa mwepesi: alikwenda akatazama, hakuona mtu. Kitabu kikafundishwa shule zote, zikiwemo zile mbili za Kwa Muda. Na kwa kuwa bonde ni tupu, serikali ikaanza kujenga bwawa ili mvua zikija lijae maji.

Hayo yote Bibi Nyange angeyamezea. Kilichomshinda ni kaburi. Kama wazee wote wenye adabu, alitaka kujua mapema atalazwa wapi, akaenda mwenyewe ofisi ya serikali kuomba kibali cha kuzikwa. Karani akaangalia kitambulisho chake. Penye mahali pa kuzaliwa paliandikwa: *Hapana.*

"Bibi, sheria iko wazi," alisema karani. "Anayezikwa ni aliyezaliwa mahali. Wewe hukuzaliwa popote. Sasa mtu asiyezaliwa atakufaje?"

"Nitajitahidi, mwanangu," alisema Bibi Nyange.

"Usijitahidi, utatuletea usumbufu. Hapo mpaka mwanaakiolojia athibitishe kwamba Bondeni palikaa watu."

Na mwanaakiolojia, kwa taratibu za nchi ile, ni mtu aliyechimba shimo lake mwenyewe, kuta zimenyooka, kwa mwiko wa chuma, likakaguliwa na Profesa akatamka kwamba mchimbaji amefaulu. Basi Sikudhani hakutaka makubwa. Alitaka shimo moja, kabla ya mvua. Akaomba kujumuishwa, na wizara, iliyokuwa imetafuta mtu wa Bondeni mji mzima bila kujua wapi wanapatikana watu wasiotoka popote, ikampokea kwa mikono miwili.

* * *

Kambi ya mafunzo ilipigwa Bondeni kwenyewe, pahali patupu, ili wanafunzi wapya wasivunje kitu. Wale jumuishi walikuwa wachache. Wa karibu zaidi na Sikudhani alikuwa Shomvi, kijana asiyeona, mcheshi, aliyejua kupapasa kigae akakwambia ni cha mtungi au cha chungu. Profesa Magesa alimteua kuwa mpiga picha rasmi. "Ujumuishi," alieleza, "ni kumpa mtu kile alichonyimwa."

Ndipo miiko ikagawiwa. Waraka wa wizara ulikuwa na sentensi moja yenye maana, nayo ilisema: *Kila mwanafunzi apewe mwiko wake.* Sasa, lugha ya nchi ile ilikuwa kama yetu. Mwiko ni kile cha chuma cha fundi mwashi, ambacho wanaakiolojia hukwangulia udongo. Mwiko ni ule wa mti wa kusongea ugali. Na mwiko ni lile jambo ambalo mila zimelikataza. Idara ilikaa vikao, ikausoma waraka mbele na nyuma, ikautekeleza wote. Akina Magesa walipewa miiko ya chuma. Wanawake walipewa ya mti.

"Profesa, mimi nimepewa wa kupikia," alisema Sikudhani.

"Hongera sana, binti."

"Nilikuwa naomba wa chuma."

"Waraka umesema kila mtu apewe mwiko wake. Haukusema apewe wa mwenzake."

"Sasa nitachimbaje?"

"Ahaa! Hapo ndipo unapoingia mwiko wako wa pili." Profesa alishusha sauti, kama mtu anayetoa zawadi. "Watu wa Bondeni tumewatunuku mwiko wa heshima, ule wa kimila. Mwiko wako ni kuchimba. Mtu wa Bondeni akichimba Bondeni anaweza kukuta kitu. Akikuta kitu, atapata uchungu. Na sisi hatutaki mtu wetu jumuishi apate uchungu."

"Kwa hiyo mimi nina miiko miwili."

"Tazama wenzako wote hawa, kila mtu na mmoja wake. Uone tulivyokupendelea."

Sikudhani alisimama pale na mwiko wake wa mti. Alijua kwamba hapa ndipo mtu anapokasirika, akaitafuta hasira, hakuiona. Alichokipata ni ganzi. Ilianza kwenye unyayo wa mguu wa kushoto, kama ile ya mtu aliyekaa sana kitako, akadhani atatembea itaisha. Akaenda jikoni.

* * *

Mafunzo yalikuwa mazuri, kila aliyehudhuria alipewa fulana. Asubuhi kulikuwa na somo la Historia ya Ujumuishi, lililofundishwa na Magesa. Baada ya chai kulikuwa na somo la Namna ya Kujumuishwa: mwanafunzi jumuishi asimame mbele kwenye picha, acheke mpaka meno yaonekane, akiulizwa swali na mgeni aseme, "Tunashukuru." Mchana Sikudhani alipika, akina Magesa wakachimba. Jioni aliitwa apande juu ya kichuguu cha udongo walioutoa wao, ashike mwiko juu, apigwe picha na Shomvi.

"Dada Siku," Shomvi alinong'ona mara ya kwanza, "hebu nielekeze. Wako upande gani?"

"Wako kushoto wote."

"Basi acha nipige kulia."

Na kulia kulikuwa na jiko. Ndiyo maana picha rasmi za msimu ule, mpaka leo, zina sufuria nyingi na hazina Magesa hata mmoja.

Zikabaki siku chache Waziri aje, ndipo Profesa akagundua kasoro. Wachimbaji sasa walikuwa jumuishi, lakini vitu vyenyewe havikuwa. Shimoni hamkuwa na kitu, kwa sababu bonde lilikuwa tupu na akina Magesa walichimba kwa uangalifu mahali ambapo pasingewaletea ubishi. Waziri asingekubali kukuta shimo tupu. Ikaamriwa kila kundi litoe kitu chake kifukiwe, ili siku ya siku kila kundi lichimbuliwe. Wanawake wakatoa ushanga. Walemavu wakaombwa gongo moja, na aliyelitoa akashinda siku mbili amekaa kwenye kiti kumsubiri Waziri alifukue. Vijana wakatoa simu mbovu, ambayo Profesa aliipaka matope mengi zaidi.

"Na sisi wa Bondeni tutoe nini?" aliuliza Sikudhani.

"Nyie msitoe kitu. Tutaacha nafasi."

Nafasi hiyo ikapimwa kwa kamba katikati ya shimo, ikawekewa kibao. Sikudhani aliitazama. Ganzi sasa ilikuwa imefika gotini.

* * *

Asubuhi ya ujio wa Waziri upepo ulivuma vibaya, moto ukawa haushiki, na pilau la watu wote lilikuwa linamngoja yeye. Sikudhani akahamisha jiko lake nyuma ya mwamba mmoja mkubwa uliolala kama ng'ombe anayecheua. Alipokuwa anasawazisha mahali pa kukalisha mafiga, mwiko wake wa mti ukagonga jiwe. Akalikwangua kidogo. Jiwe lilikuwa jeusi kwa masizi, limekaa sawasawa, na chini yake majivu. Hatua moja kando kulikuwa na la pili. La tatu alilijua lilipo kabla hajalifikia, maana mafiga ni matatu, na mtu yeyote aliyewahi kupika anajua la tatu linakaa wapi.

Bibi Nyange alimsimulia tangu utotoni habari za ule mwamba. Nyumba yetu ilikuwa mgongoni mwa ng'ombe wa jiwe, alikuwa akisema, mama akipika, moshi ulipita juu ya pembe zake. Sikudhani alikuwa ameisikia mara nyingi mno hata akaacha kuisikia. Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la mama wa bibi yake, katikati ya bonde ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuishi. Alingoja machozi. Hayakuja. Alijisikia kama mtu anayetazama mkono wake mwenyewe aliolalia usiku kucha na asijue ni wa nani.

Akamwita Profesa. Profesa akaja, akatazama, akainama, akakwangua majivu kwa ukucha. Uso wake ukabadilika, kwa kuwa mwizi wa kuku humjua kuku. Lakini alikuwa msomi, akajikaza.

"Umeyapata kwa mwiko gani?"

"Huu wa mti."

"Basi si akiolojia. Hayo ni mapishi." Alipangusa ukucha. "Kitu cha kale ni kile kilichofukuliwa kwa chuma. Kilichofukuliwa kwa mti ni chombo cha jikoni. Tena wewe una mwiko wa kutochimba."

"Sikuchimba, Profesa. Nilikuwa nasawazisha."

"Ndiyo hivyo. Umesawazisha. Hukuchimba, kwa hiyo hukukuta kitu. Bandika sufuria, Mheshimiwa yuko njiani."

Akabandika. Angefanya nini? Aliwasha moto kati ya yale mawe matatu, na moto uliokuwa ukisumbua tangu alfajiri ukashika mara moja, moshi ukapanda, ukapita juu ya pembe za ng'ombe wa jiwe. Huko mbele Waziri alifukua ushanga, akashangiliwa. Akafukua gongo, mwenye gongo akashukuru. Akafukua simu, ikaita.

Kisha akala. Alikula sahani ya kwanza, akaongeza ya pili, akasema pilau hilo lina ladha ya zamani. Akainuka na mdomo bado umejaa. "Ndugu zangu," alisema, "katika bonde hili ambamo haujawahi kupikwa hata uji..."

Sikudhani aliendelea kupakua. Shomvi, aliyekuwa karibu, akanyanyua kamera akapiga kulia.

* * *

Mvua zikaja, bonde likajaa. Yale mawe hayakuzama. Idara ilikuwa imeyang'oa ikayapeleka Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa ukumbi mpya wa Kale Jumuishi ulikuwa na pengo kwenye kona ya wanawake. Yakapangwa juu ya jukwaa, yakazungushiwa kamba, yakawekewa kibao: *Mafiga. Vyombo vya jikoni. Mahali yalipotoka: Hapana. NI MWIKO KUGUSA.*

Sikudhani alimpeleka bibi yake. Alimsomea kibao, naye Bibi Nyange akataka arudie ile sehemu ya mahali yalipotoka.

"Hapana," alirudia Sikudhani.

"Kumbe ni ndugu zangu," alisema Bibi Nyange. Akainua kamba, akapita chini yake, akaketi juu ya figa la karibu kama anavyoketi mtu kwao. Mlinzi alimsihi ateremke. Akasema amechoka, anapumzika kwa muda. Saa za kufunga zikafika na bibi bado anapumzika.

Mlinzi akafungua kanuni. Kanuni zilisema kila kitakachokutwa ukumbini baada ya saa za kufunga ni mali ya Makumbusho. Basi Bibi Nyange akapewa namba.

Waziri alifurahi kupita kiasi. Nchi gani nyingine ilikuwa na kielelezo kinachojibu salamu? Wageni wa ng'ambo walirudi, wakatazama, wakaguswa moyo, wakaomba kupiga picha. Sikudhani alikuwa anakuja kila Ijumaa na kusimama nje ya kamba pamoja na watu wengine.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula. Wanakutunza?"

"Wananifuta vumbi. Hapavuji hapa. Wananiita kwa namba, lakini wananiita." Alimtazama. "Mbona macho yako hivyo? Lia kidogo, mama, utapumua."

"Siwezi, Bibi. Nimekufa ganzi."

"Itaachia tu."

Sikudhani aliunyoosha mkono amshike, na mlinzi akakohoa akionyesha kibao. Sikudhani akaurudisha. Alitamani ugomvi, walau mdogo, lakini mkono ulirudi wenyewe mfukoni kama uliofundishwa.

* * *

Bibi Nyange alifariki mwezi wa maembe, asubuhi, amekaa. Makumbusho ikachanganyikiwa, maana kwa kanuni kielelezo hakifi, huchakaa. Na kilichochakaa hurudishwa ardhini na mwanaakiolojia. Na hicho hakihitaji kibali cha kuzikwa. Hapo, bila mtu kudhamiria, serikali ilikuwa imetenda jema, na ilipogundua ilikuwa imechelewa kulizuia.

Akina Magesa waliitwa wote, wote wakakataa. Kwao ni mwiko kumchimbia kaburi mwanamke wa ukoo mwingine. Profesa akakuna kichwa, na chini ya kichwa akakumbuka kwamba anaye mwanafunzi jumuishi ambaye hajapata shimo, na kwamba wageni waliuliza mara mbili mbona hakuna jumuishi hata mmoja aliyefaulu.

"Binti," alimwambia Sikudhani, "bahati yako imefika." Akamkabidhi mwiko wa chuma.

Wapi pa kuchimba? Makumbusho ilikuwa imetoka kuweka vigae sakafuni. Kilimani watu walikuwa na makaburi yao. Profesa akachagua mahali ambapo hakuna ambaye angelalamika, kando ya bwawa, juu kidogo ya maji, kwa sababu pale pamethibitishwa kuwa patupu.

Watu wa Kwa Muda wakaja na majembe, lakini haikuruhusiwa, ilikuwa mtihani. Wakaketi pembeni wakaimba nyimbo za kumsindikiza, wakamwachia. Sikudhani alichimba kuanzia jua linachomoza. Shomvi alimshikia kamba ya kunyooshea kuta, akawa anapitisha kiganja ukutani na kusema, "Hapa pana tumbo kidogo, dada," naye anaparekebisha. Mwiko ulikuwa mwepesi kuliko alivyowaza miezi yote ile. Hakusikia mikono, hakusikia magoti. Alasiri kuta zilikuwa zimenyooka, wakamshusha bibi yake. Sasa hapakuwa na kibao, akamshika uso kwa mikono yote miwili.

Profesa Magesa akasogea kukagua. Akapima kuta, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akasafisha koo kama desturi ya mitihani.

"Umekuta nini?"

"Sijakuta kitu, Profesa. Nimeweka."

"Kitaalamu hakuna kuweka. Kuna kukuta tu. Shimo lina nini?"

"Lina mtu."

"Basi umekuta mtu. Mtu wa wapi?"

Watu wote wa Kwa Muda walikuwa wamesimama.

"Uliza shimo liko wapi," alisema Sikudhani.

Profesa alitazama maji, akatazama ule mwamba, ambao sasa zilibaki pembe tu juu ya bwawa. Mpiga picha aliyetumwa na Waziri alikuwa anamsubiri atabasamu. Asipomfaulisha, wageni watauliza mara ya tatu. Akimfaulisha, lazima atamke alichokikuta na alipokikuta, ndiyo taratibu, na taratibu alizitunga yeye. Akatamka upesi na kwa sauti ndogo, kama mtu anayetema mbegu.

"Amekutwa mtu, Bondeni. Mchimbaji amefaulu." Kisha akaunyoosha mkono. "Mwiko wa chuma urudi stoo."

Sikudhani akaurudisha. Kaburi likafukiwa kwa majembe, na udongo wa juu akausawazisha mwenyewe kwa ule wa mti aliokuja nao kiunoni. Watu wakamwita waondoke kabla giza halijaingia. Alipotaka kuinuka, mguu wa kushoto ukakataa, akakaa tena chini. Kitu kilikuwa kinatembea kwenye unyayo, chembamba na kikali, kinapanda kifundoni, kinapanda gotini.

"Vipi, dada Siku?" aliuliza Shomvi.

Ganzi haiumi ikiwa imekaa. Huuma inapoachia.

"Inauma," alisema Sikudhani, akaanza kulia.